Kufagia Nyuma ya Mgeni

Mama Lina alipokuja nyumbani kwangu hapa Ihumwa sikumpa shikamoo. Ananizidi umri, tena sana, na mimi nimechapa watoto na wajukuu kwa ajili ya shikamoo hiyo hiyo. Nilimwona tangu anashuka kwenye bajaji kule njia panda. Chombo cha magurudumu hakifiki kwangu, kuna korongo, kila mgeni anashuka pale anatembea kwenye mchanga. Akaja na fimbo yake, mgongo umepinda, kofia pana kama ungo, na nilimjua kabla sijauona uso. Mtu uliyemfulia nguo unamjua hata kwa mwendo. Nikaendelea kuchambua mlenda. Mkwe wangu Neema alikuwa pembeni anabangua karanga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mgeni." Nikamwambia, "Namwona." Akasimama aende kumpokea mkoba. Nikamwambia, "Kaa chini. Mkoba wake ataubeba mwenyewe." Neema alinitazama kama vile nimetukana kanisani.

Akafika, akahema, akasema, "Damari, unanikumbuka?" Kiswahili chake kilikuwa kile kile, kizuri, alikuwa anajivuna nacho tangu zamani. Nikamjibu, "Nakukumbuka mpaka unavyokunywa chai." Akacheka, akadhani ni wema. Nikamwonyesha kiti. Neema akampa shikamoo, akaitikia bila kumtazama, wala hakumuuliza wewe ni nani. Aliona binti anabangua karanga, akamhesabu kuwa ni binti wa kubangua karanga. Sikumsahihisha. Akaanza habari zake: bwana amefariki kule Ulaya, na Lina ametaka aone mahali baba yake alipofanyia kazi, leo amekwenda Makutupora kuangalia mizabibu, kesho atakuja hapa kwangu. Kumbe aliyenitafuta ni Lina mwenyewe. Alizunguka Majengo sokoni na picha yangu ya ujana, kwa wauza nafaka mmoja mmoja, mpaka akampata mama anayeuza karanga zangu. "Nimetangulia," Mama Lina akasema, "ili tuzungumze sisi wawili." Kisha akaanza kuizungusha fimbo mchangani. "Lina anaamini kwamba siku ile tunaondoka kisiwani, wewe ulikataa kumsindikiza. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Alikuwa mdogo, nilidhani atasahau. Hakusahau. Nakuomba, Damari, akikuuliza, mwambie kulikuwa na msiba kwenu, ukaitwa ghafla. Mimi ni mzee. Nimebaki na yeye tu."

Nilikuwa najua siku zote kwamba alinidanganya mimi. Hilo la kwamba alimdanganya na mtoto, tena kwa maneno hayo, nililisikia kwa mara ya kwanza pale, mlenda uko mkononi. Nilimwambia neno moja tu: "Mlete."

Kisiwa chenyewe kilikuwa Pemba. Bwana alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya miti, alikuja kwanza Makutupora kwa ajili ya mizabibu, na hapo ndipo nilipoanza kazi kwao, msichana wa shamba nisiyejua kuwasha jiko la gesi. Lina alizaliwa nikiwa hapo hapo. Halafu wakamhamishia bwana Pemba kuangalia mikarafuu iliyokuwa inakauka, na mimi nikachukuliwa pamoja na vyombo. Nyumba ilikuwa Chake, juu ya kilima, kubwa, baraza lote limezungushiwa wavu wa mbu. Mtu wa Dodoma ukimpeleka Pemba anaona nchi imelowa. Viatu vinaota ukungu ndani ya kabati, chumvi haitoki kwenye kichupa, mkate wa asubuhi jioni umelainika kama sponji. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, kina dirisha moja linalotazama mahali wanapoanika karafuu, na harufu ile iliingia kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye uji. Mpaka leo mkwe wangu akitia karafuu kwenye pilau mimi naomba ugali.

Mpishi alikuwa Hamadi, mtu wa kisiwani hapo, mwembamba, mdomo wake haulali. Siku ya kwanza aliniona natoa miba kwenye samaki mbichi kabla ya kumpika, akaita majirani waje waone. "Njooni muone maajabu, mtu wa bara anamnyoa samaki!" Nilimwambia kwetu tunakula vitu vyenye miguu. Akasema, "Hata meza ina miguu, bibi wee, mwaila?" Tulianza hivyo na tuliendelea hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha mkate wa kumimina na kumjua pweza aliyeiva. Mimi nilimfundisha mlenda, akasema unateleza kama ahadi za wakubwa, lakini alimaliza sahani.

Lina alikuwa na miaka minne, anaingia mitano. Nilimpa jina la Kigogo, Nyemo, yaani furaha, na Kigogo ndicho alichokisema kwanza, kabla ya lugha ya mama yake. Mchana alilala kitandani kwangu nyuma ya jiko, kichwa kwenye mkono wangu, na ukiuondoa mkono anaamka. Mama Lina alikuwa akipita dirishani anasimama, anatutazama, anaondoka. Siku moja nilimsikia akimwambia bwana barazani, "Anaota kwa Kigogo. Jana amelia ndotoni, sikujua analilia nini, ikabidi nimwite Damari anitafsirie mwanangu mwenyewe." Bwana akasema watoto wako hivyo hivyo, atasahau. Bwana alikuwa mtu wa miti, kila kitu kwake kilikuwa ni suala la majira.

Sasa nieleze jambo la kusindikiza, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unamchukulia mzigo wake, unatoka naye mpaka njia panda, pale ndipo unampa mzigo wake na kitu kidogo cha kutafuna njiani, na pale ndipo mnaagana. Anayeachwa mlangoni ajue hatakiwi tena. Na mgeni akishaondoka, uwanja haufagiwi siku hiyo. Nyayo zake zinaachwa zilale, ili zimrudishe. Kumfagilia mtu nyuma yake ni kumfukuza. Nilimfundisha Lina hayo yote, na Pemba tulikuwa na wageni wengi. Kila mgeni akitoka, mimi nabeba mkoba, Lina anabeba kitu kidogo, kofia au chupa ya maji, tunateremka naye mpaka pale njia inapogawanyika chini ya kilima. Wageni walipenda sana, walituchukua picha. Mama Lina aliyajua vizuri, kwa sababu kule Makutupora alishika ufagio siku alipoondoka mama yake mzazi, nikamnyang'anya. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza. Akacheka, akasema ni mila nzuri, akauacha ule mchanga mpaka kesho yake.

Mwaka ule wa mwisho ulikuwa wa kuaga tu. Sijapata kuona watu wanaoaga vile. Sisi mtu akiondoka anaondoka. Wao waliaga mwaka mzima. Kulikuwa na karamu ya kuwaaga madaktari, karamu ya kuwaaga wale wa mradi wa maji, halafu wale wa mradi wa maji wakarudisha karamu, na kila karamu mimi na Hamadi tunakaanga sambusa tangu asubuhi. Walikaa barazani kwenye viti vya ukindu wakilia. Kweli, walilia. Waliililia bahari, waliyalilia maembe, mama mmoja alimlilia mbwa wake aliyekuwa anamwacha kwa jirani. Mama Lina alikwenda sokoni kumuaga muuza samaki, akampiga picha na mizani yake. Alikwenda kuuaga mkarafuu mmoja ambao bwana aliuponya, akaukumbatia, mimi nimesimama na mwavuli. Vitu vikaanza kutoka ndani: leo friji, kesho kabati, wenzao wanakuja wanazunguka vyumbani wanagusa mapazia. Mama mmoja mwenye nywele fupi alikuwa anakunywa chai, nampitishia keki, akamuuliza Mama Lina mbele yangu, kwa Kiingereza, "Na yaya wenu, mmeshampa mtu?" Kiingereza cha jikoni nilikuwa nacho, na hicho kilinitosha. Mama Lina akasema, "Bado tunafikiria." Nikamuuliza yule mama kama anaongeza keki. Akasema asante.

Nilijua kwamba watakwenda na mimi nitabaki, sikuwa mjinga. Nilichokuwa nakingoja ni kumsindikiza Nyemo. Nilimwandaa mwenyewe, taratibu, kila mchana tukilala. Nilimwambia utaondoka na ndege, mimi nitakubebea kikapu chako mpaka uwanja wa ndege, pale patakuwa ndiyo njia panda yetu, nitakupa karanga na ubuyu, na uwanja wa nyumbani sitaufagia. Akaniuliza, "Nyayo zangu zitalala wapi?" Nikamwambia mlangoni kwangu. Akawa anauliza kila siku ili nijibu vile vile. Hamadi alikuwa akitusikia kutoka jikoni anasema, "Huyo mtoto unampa somo la kurudi, na wenyewe wanafunga makasha ya kwenda." Nilimwambia anyamaze, aangalie mchuzi wake.

Siku ya safari yenyewe, asubuhi, Mama Lina alikuja jikoni amechangamka sana. Akaniambia ndege ni jioni, na amesahau halua ya kuwapelekea ndugu zake, na halua nzuri ni ya Wete, niende mimi kwa sababu Hamadi hajui kuchagua. Hamadi, aliyezaliwa Wete! Hamadi akafungua mdomo, Mama Lina akamtazama, akaufunga. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimeshaoka karanga zangu, nimezifunga kwenye kitambaa, ubuyu uko pembeni, kwa hiyo moyo wangu ulikuwa umetulia. Lina alikuwa bado amelala. Nikampita. Nikapanda gari la mbao la kwenda Wete, njia ile ina makona mpaka unatapika, nikachagua halua nyeusi, inayong'aa, imefungwa kwenye kikapu cha ukili, nikarudi nimeishika mapajani kama mtoto.

Nilipopanda kilima niliona kwanza uwanja. Ulikuwa umefagiwa. Umefagiwa vizuri, mistari ya ufagio imelala sawasawa kutoka mlangoni mpaka barabarani, hakuna hata alama ya kuku. Hamadi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, ufagio uko miguuni. Nikamuuliza, "Wako wapi?" Akasema, "Washakwenda zao. Ndege ilikuwa ya asubuhi." Nikamuuliza, "Umefagia wewe?" Akasema, "Kaniamrisha. Kaniambia Hamadi, tukishaingia garini tu, ufagie, tuwaachie wenzetu nyumba safi. Usinitolee macho miye, Damari. Miye n'na watoto wa kulisha, na bwana mpya anakuja kesho." Nikamuuliza mtoto alisemaje. Hamadi akainamisha kichwa. "Kakuita," akasema. "Kakuita mpaka gari likapinda kona." Nilipita ndani. Vyumba vilikuwa vitupu, vinaitika ukipiga hatua. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja cha ukindu barazani, cha Mama Lina, kilichokuwa cha kuchukuliwa na yule mama wa nywele fupi. Nikakikalia. Nikafungua ile halua nikaila yote, kwa vidole, mpaka nikaona sakafu ya kikapu. Sikulia. Nikarudi Dodoma na halua ile. Nilikuwa nayo tumboni kama jiwe safari nzima.

Watu wananiambia sana kuhusu kusamehe, na mchungaji wetu ni mtu mzuri, namsikiliza. Lakini nimezika mume na nimezika mtoto, na hao wote niliwasindikiza mpaka pale njia inapoishia. Yule mmoja tu ndiye niliyenyimwa. Kumnyima mtu kuaga ni kazi ya kukusudia, inahitaji mtu akae apange saa, apange gari, apange na halua.

Basi kesho yake wakaja wote wawili. Lina ni mwanamke mzima, mrefu, nywele zimeanza mvi pembeni, na amekunja mikono kifuani kama alivyokuwa akikunja akinyimwa sukari. Hakunikumbatia. Alisema "Mbukwa," salamu ya Kigogo, nikaitikia, na hilo ndilo neno pekee lililokuwa limebaki. Kigogo chote na Kiswahili chote vilikuwa vimekwenda. Nilipika ugali wa uwele, mlenda wa karanga, kuku wa kienyeji na maziwa ya mgando. Alionja ule mlenda akaacha kutafuna, akautazama. Akachota tena, akatupa kijiko akala kwa mkono, na mkono wenyewe ukajua kumega. Mama yake akatazama pembeni. Neema alikuwa nyuma yetu na karanga zake. Tulipomaliza kula, Lina akasema kitu, na Mama Lina akanigeukia akatafsiri: "Anauliza kwa nini hukuja siku ile." Akanikazia macho, kunikumbusha ule msiba.

Nikasema, polepole, ili kila neno lishike: "Mwambie hivi: mama yako alinituma Wete kununua halua, akaniambia ndege ni ya jioni, na ilikuwa ya asubuhi."

Mama Lina akageuka, akasema Kiingereza kirefu, kwa huruma, mkono kifuani. Lina akaitikia kwa kichwa, uso umelegea. Akanishika goti, ananipa pole. Nikamtazama Neema. Neema anafundisha Kiingereza sekondari, alikuwa likizo. Hakuacha kubangua. "Mama," akasema, "amemwambia kwamba ulifiwa na baba yako."

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuona uso unaanguka kama ule wa Mama Lina. Nikamwambia Mama Lina, "Baba yangu alikufa mimi nikiwa mchanga, na wewe ulilijua hilo. Rudia. Mimi nina mtu wa kutafsiri hapa, lakini simtaki. Nataka useme wewe, kwa mdomo wako." Akasema, "Damari, tafadhali." Nikamwambia, "Sema Wete." Akasema Wete. "Sema halua." Akasema. "Sema saa ya ndege." Lina alikuwa anamtazama mama yake sasa, mikono imekunjuka. Nilimpa neno moja moja kama unavyomlisha mgonjwa, na yeye aliyapitisha moja moja, na kila alipotaka kupunguza, Neema alikohoa. Tukafika kwenye kuita mpaka kona. Tukafika kwenye ufagio. Hapo alikwama, akaniambia kwa Kiswahili, analia, "Alikuwa hanitaki mimi, Damari. Mwanangu alikuwa hanitaki. Ningefanya nini?" Nikamwambia, "Tafsiri na hilo pia." Akatafsiri.

Lina akamuuliza mama yake kitu kimoja kifupi, mama yake akainamia fimbo. Sikumuuliza Neema ni nini. Hilo lilikuwa lao.

Jua lilipopoa nikasimama, nikachukua mkoba wa Lina nikauvaa begani. Nilikuwa nimeshamfungia karanga na ubuyu kwenye kitambaa. Mama Lina naye akajiinua, akaangalia mkoba wake chini ya kiti, akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Wewe njia unaijua." Nikatoka na Lina. Tulivuka korongo pole pole, na katikati ya mchanga akanyoosha mkono akanivua kofia yangu ya jua akaibeba yeye, kitu kidogo, kama zamani. Pale njia panda nikampa mkoba, nikampa na kitambaa. Akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto, na mimi nilimshika mpaka kikaisha. Halafu akageuka akamtazama mama yake, yuko mbali, bado amesimama mlangoni na fimbo. Akarudi kumfuata. Ni mama yake, sikumkataza. Alimshika kwa mkono mmoja, na mkoba wa mama kwa mkono mwingine, wakanipita pale nimesimama. Mama Lina akasema, "Kwa heri, Damari." Nikaangalia bajaji.

Niliporudi nyumbani Neema alikuwa ameshika ufagio, anataka kuzoa maganda ya karanga. Nikamwambia lete hapa. Akasema, "Mama, si umetufundisha mgeni akitoka hatufagii?" Nikamwambia anipe. Mchanga wa uwanja wangu ni mzuri, unashika alama, na ilikuwa rahisi kuzitofautisha: huku viatu bapa vya mzee na vishimo vya fimbo, huku raba za Lina. Niliinama nikafagia. Nilianzia mlangoni nikaenda mpaka korongoni, kishimo kwa kishimo, mgongo unaniuma. Za Lina nilizizunguka.